Taa ya Ukungu au Taa ya Masafa? Kuzitambua Taa za Ziada kwenye Magari ya Kale

Swali ambalo wamiliki wapya wa magari ya kale huuliza kuliko mengine yote kuhusu umeme wa magari hayo ni rahisi kulitaja na gumu kidogo kulijibu: zile taa mbili za ziada zilizofungwa juu ya bampa la mbele, mbali na taa kubwa na taa ndogo, ni za ukungu au ni za kumulika mbali? Swali hili huulizwa zaidi kuhusu magari ya Uingereza ya kati ya miaka ya 1930 na 1960, kwa sababu katika kipindi hicho taa za ziada hazikuja na kila gari kutoka kiwandani. Mwenye gari alizinunua dukani kwa hiari yake na kuzifunga alipotaka, na wamiliki waliofuata wakabadilisha kioo, balbu na waya kila mmoja kwa namna yake. Gari linapofika mikononi mwa mtu wa tano au wa sita, taa zake huwa zimekwisha kupoteza ushahidi wa nani alizinunua na kwa kazi gani.

Katika sura hii maneno "gari la kale" yanatumika kwa maana pana ya gari lililotengenezwa kabla ya miaka ya 1970, ingawa vyama vya wapenzi wa magari nchini Uingereza hugawanya umri huo katika mafungu na kuwa wakali sana juu ya mipaka yake. "Taa ya ukungu" ni ile ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita fogilaiti. "Taa ya masafa" ni ile inayorusha mwanga mbali mbele ya gari na kusaidiana na taa kubwa zinapowashwa fulu, yaani zinapowashwa kikamilifu bila dimu. Jina la Kiingereza la taa hii ya pili lina maana ya "taa ya kuendeshea", nalo limepoteza watu wengi, kwani msomaji hudhani kuwa ni taa ya kuendeshea wakati wowote, ilhali ni taa ya kuendeshea kwa kasi, usiku, katika barabara tupu. Mafundi huiita spotilaiti, lakini jina hilo pia lina kasoro, kwa kuwa spotilaiti halisi ni taa ya tatu kabisa, ile inayofungwa karibu na kioo cha dereva na kugeuzwa kwa mkono ili kusoma vibao vya njia au namba za nyumba.

Kazi mbili zinazopingana

Taa hizi mbili hutofautiana kwa umbo la mwanga zinaoutoa, na mambo mengine yote, kuanzia kioo hadi urefu wa mahali zinapofungwa, yanatokana na tofauti hiyo moja. Mfano wa karibu ni mpira wa kumwagilia maji bustanini. Anayefinya mdomo wa mpira ukawa mwembamba na wa duara hupata mchirizi mmoja unaofika hadi mchungwa wa mwisho, lakini majani yaliyo miguuni pake hubaki makavu. Anayebana mdomo huohuo kwa kidole gumba hupata pazia la maji lililo pana na fupi, linalolowesha tuta lote la karibu bila kufika mbali. Maji ni yaleyale na nguvu ya bomba haijabadilika. Taa ya masafa ni ule mchirizi, na taa ya ukungu ni lile pazia.

Sababu ya kutaka pazia badala ya mchirizi ni tabia ya ukungu wenyewe. Ukungu ni matone madogo ya maji yanayoelea hewani, kila moja likiwa na kipenyo cha karibu sehemu moja ya mia ya milimita, na kila tone hupokea mwanga na kuutawanya pande zote, pamoja na kuurudisha kwa dereva. Mpishi aliyewahi kufunua sufuria ya wali jikoni wakati umeme umekatika, akamulika ndani kwa tochi, anajua kinachotokea, kwa sababu mvuke hung'aa mweupe mbele ya macho na wali hauonekani mpaka tochi ishushwe pembeni. Dereva anayewasha fulu ndani ya ukungu hufanya kosa lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi, na anapoona giza na kuongeza taa za masafa, ukuta mweupe ulio mbele yake huzidi kuwa mweupe.

Kwa hiyo taa ya ukungu haikuundwa ili ipenye ukungu, ingawa matangazo ya biashara ya miaka ya 1930 yaliwaaminisha wanunuzi hivyo. Iliundwa ili iukwepe. Mwanga wake hutandazwa kwa upana, kushoto na kulia, ili dereva aone ukingo wa barabara na mstari wa katikati, na sehemu yake ya juu hukatwa ili mwanga usipande kuelekea usawa wa macho. Mpaka huo kati ya mwanga wa chini na giza la juu utaitwa "mkato" katika sura hii, na ndiyo alama muhimu kuliko zote ya taa ya ukungu iliyo nzima.

Taa ya masafa haina haja ya mkato. Kazi yake inaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama umbali ambao gari huhitaji ili lisimame. Kwa hesabu zinazochapishwa katika mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza, gari linalokwenda maili 30 kwa saa, yaani takribani kilomita 48, huhitaji mita 23 kusimama tangu dereva aone hatari, na linapokwenda maili 60 kwa saa huhitaji mita 73. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali huo huzidi mara tatu. Taa kubwa za magari ya kale, ambazo nyingi zilikuwa dhaifu na zenye rangi ya mafuta ya samli, hazikumwezesha dereva kuona vizuri umbali wa namna hiyo, na wale waliosafiri usiku kwa kasi walilazimika kununua mwanga wa ziada.

*Kwa ufupi: taa ya ukungu hutandaza mwanga chini, karibu na kwa upana, huku ikiwa na mkato juu, ilhali taa ya masafa hukusanya mwanga katika mkonga mwembamba unaokwenda mbali.*

Kwa nini Uingereza

Wingi wa taa za ukungu kwenye magari ya Kiingereza una historia yake. Miji mikubwa ya nchi hiyo ilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na katika siku za baridi zisizo na upepo moshi wa maelfu ya mabomba ya nyumba ulichanganyika na ukungu na kuwa kitu kizito, cha manjano, kilichonuka kiberiti. Tukio baya zaidi liliipata London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, pale utusitusi ulipokuwa mzito kiasi kwamba makondakta wa mabasi walitembea mbele ya mabasi yao wakiwa na taa mkononi ili kuyaongoza, na maelfu ya watu wakafa kwa maradhi ya kifua. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. Kwa familia iliyoishi katika hali hiyo taa ya ukungu haikuwa pambo, na haishangazi kwamba kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, iliyotengeneza sehemu kubwa ya vifaa vya umeme vya magari ya Uingereza, iliziuza kwa maumbo na ukubwa mwingi.

Kioo husema kweli kuliko jina

Mchunguzi aanze na kioo cha mbele. Kioo cha taa ya ukungu kwa kawaida huwa na mifuo, yaani mistari iliyochongwa au kufinyangwa ndani yake na kusimama wima kutoka juu hadi chini, mingi na iliyokaribiana. Kila mfuo hufanya kazi kama chupa ndogo ya maji iliyosimamishwa dirishani: jua hupita ndani yake na kusambaa ubavuni, wala halisambai juu na chini. Mifuo ikiwa wima, mwanga hutanuka kushoto na kulia, na huo ndio upana unaotakiwa.

Kioo cha taa ya masafa huwa wazi kabisa, au huwa na mistari michache iliyoachana, au huwa na uwazi mkubwa katikati na mchoro pembezoni tu. Sababu ni kwamba kazi ya kuunda mwanga imekwisha kufanywa nyuma yake. Ndani ya taa kuna bakuli linalong'aa ambalo mafundi huliita rifleta, nalo limekunjwa kwa namna ambayo uzi wa balbu ukikaa mahali pamoja maalumu, miale yote inayogonga bakuli hutoka mbele ikiwa sambamba. Kioo kisiuguse mkonga huo, na kadiri kinavyokuwa wazi ndivyo taa inavyofika mbali.

Ndani pia pana dalili ya pili, ambayo huonekana kwa kuchungulia kupitia kioo taa ikiwa imezimwa. Taa nyingi za ukungu zina kikombe au kofia ndogo ya chuma mbele ya balbu, inayozuia miale isitoke moja kwa moja na kupanda juu bila kupitia kwenye rifleta. Dalili hii isitegemewe peke yake, kwa sababu baadhi ya taa za masafa zina kikombe hicho pia, na kwa sababu vikombe vingi vimeng'olewa na watu walioamini kwamba vinapunguza mwanga. Walikuwa sahihi, kwani hupunguza kweli, na hiyo ndiyo kazi yake.

Jambo la pembeni kidogo, lakini lenye hasara kubwa: rifleta za taa za zamani zilipakwa fedha halisi, si kromu, na utando huo ni mwembamba sana. Anayezisugua kwa dawa ya kung'arishia vyuma hubaki na shaba ya manjano isiyoakisi kitu, na taa iliyokuwa hafifu huwa imekufa kabisa.

Udanganyifu wa rangi ya manjano

Hakuna kitu kilichopotosha watu wengi katika somo hili kama kioo cha manjano. Wauzaji wa vipuri, na hata baadhi ya mafundi wazuri, hushikilia kuwa taa ya manjano ni ya ukungu na nyeupe ni ya masafa, na kanuni hiyo huvunjika mara tu inapopelekwa Ufaransa. Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, sheria ilitaka taa zote za kumulikia barabara ziwe za manjano, taa kubwa, za masafa na za ukungu pamoja. Taa za kampuni ya Marchal, ambazo hutambulika kwa nembo ya kichwa cha paka mweusi, na zile za Cibié, zilitengenezwa kwa maelfu zikiwa za masafa na za manjano vilevile.

Hoja ya kisayansi inayotolewa kwa ajili ya manjano nayo ni nusu kweli. Ni kweli kwamba hewa safi hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na ndiyo sababu anga huonekana buluu. Lakini hewa hufanya hivyo kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno kuliko mawimbi ya mwanga. Tone la ukungu ni kubwa kuliko wimbi la mwanga kwa zaidi ya mara kumi, na kwa ukubwa huo hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na ndiyo maana ukungu wenyewe ni mweupe. Kuondoa buluu kunaweza kupunguza ukali wa mwanga machoni mwa dereva, na madereva wengi huona raha zaidi nao, lakini raha ya macho na kupenya ukungu ni mambo mawili tofauti. Taa ya masafa iliyopakwa rangi ya manjano inabaki kuwa taa ya masafa, na ndani ya ukungu huleta ukuta uleule, ila sasa ukuta ni wa manjano.

Herufi zilizochongwa

Baada ya kioo, mchunguzi asome maandishi. Lucas ilitumia utaratibu ulio wazi kiasi: jina lenye herufi FT lilikuwa la taa ya ukungu na lenye LR lilikuwa la taa ya masafa, kisha ikafuata namba ya umbo. Kwa hiyo SFT 576 na SLR 576 ni ndugu wawili wa umbo moja, wa kwanza wa ukungu na wa pili wa masafa, na ndivyo ilivyo kwa taa kubwa zaidi za SFT 700 na SLR 700, ambazo kwa sasa hutafutwa sana na wanaofufua magari ya mashindano. Tatizo ni kwamba magamba ya ndugu hawa, yaani bakuli la nje lililopakwa kromu, hufanana, na aliyevunjiwa kioo na jiwe barabarani mwaka 1962 hakusita kuvisha gamba la ukungu kioo cha masafa ikiwa hicho ndicho kilichopatikana. Herufi iliyo kwenye gamba au kwenye kibati humwambia msomaji taa ilivyozaliwa, na haithibitishi kwamba iko hivyo leo.

Taa za baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, zina alama kwenye kioo chenyewe, na hizo ni za kutegemewa zaidi. Kwa taa za Ulaya alama kuu ni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia na 11 ni Uingereza. Karibu na duara hilo huwa na herufi zinazotaja kazi:

- B ni taa ya ukungu ya mbele.
- R ni mwanga wa fulu au wa masafa, na HR ni huohuo kwa balbu ya halojeni, yaani balbu iliyojazwa gesi inayoufanya uzi wake ung'ae zaidi na kudumu.
- C ni mwanga wa dimu, na HC ni dimu ya halojeni.
- Kwa taa za Marekani, ambazo hazina duara la E, F ni ukungu na Y ni masafa.

Balbu ya halojeni ya kwanza kwa magari, iliyopewa jina la H1, ilitokea Ulaya mwaka 1962. Gari la mwaka 1955 lenye taa za halojeni huwa limeongezewa taa hizo baadaye, jambo lisilo na ubaya wowote isipokuwa kwa mwenye gari anayedai kwamba kila kitu ni cha asili.

Mahali na jozi zisizolingana

Kwa kawaida taa ya ukungu hukaa chini na taa ya masafa hukaa juu. Taa ya ukungu huwekwa chini, wengi husema, kwa sababu ukungu haugusi ardhi. Maelezo hayo si sahihi, kwani ukungu mzito hugusa lami yenyewe, na sababu ya kweli ni pembe: kadiri taa inavyokuwa mbali na macho ya dereva ndivyo mwanga unaorudishwa na matone unavyopungua kumfikia. Kwa miaka mingi sheria za Uingereza zilisema kwamba taa ya kumulika ambayo kitovu chake kiko chini ya inchi 24 kutoka ardhini, karibu sentimita 61, itumike tu wakati wa ukungu au theluji ikianguka. Kwa hiyo taa iliyo chini ya urefu huo katika gari la Kiingereza inaelekea kuwa ya ukungu, ingawa mwelekeo si uthibitisho.

Jambo linalowashangaza wanunuzi zaidi ni jozi isiyolingana. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa taa mbili zenye umbo moja, moja ikiwa ya ukungu na nyingine ya masafa. Ile ya ukungu iliwekwa kushoto, kwa sababu Uingereza, kama Tanzania na Kenya, huendesha kushoto, na dereva aliyepotea ndani ya ukungu hujishikilia kwenye ukingo wa barabara ulio upande wake. Ile ya masafa iliwekwa kulia. Mfufuaji asiyejua desturi hii huona vioo viwili tofauti, hudhani kimoja kimebadilishwa, na kwa bidii kubwa huharibu kitu kilichokuwa sahihi kwa miaka 60.

Taa moja ya katikati, iliyofungwa mbele ya rejeta chini kidogo, ni habari nyingine tena. Katika miaka ya 1930 dimu nyingi za Uingereza zilifanya kazi kwa kuizima taa kubwa ya kulia na kuinamisha rifleta ya kushoto kwa sumaku ya umeme, na magari mengine yaliweka taa ya chini ya katikati iliyowaka peke yake wakati wa kupishana. Taa hiyo kwa umbo la mwanga ni jamaa wa karibu wa taa ya ukungu, na mara nyingi ilitumika kwa kazi zote mbili.

Magari ya fahari yalimalizia ubishi kwa kuziunda taa ndani ya mwili wa gari. Jaguar Mk 2, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na taa mbili za ukungu zilizozama kati ya taa kubwa na grili, na swichi ya mzunguko katikati ya dashibodi ilikuwa na nafasi maalumu kwa ajili ya taa hizo, baada ya taa ndogo na taa kubwa. Kuanzia mwaka 1966, kampuni ilipotaka kupunguza gharama, mahali pa taa hizo paliwekwa vifuniko vya duara vyenye wavu. Leo wamiliki wengi wa magari yenye vifuniko hutafuta taa za kuvaa mahali hapo, na baadhi yao huweka taa za masafa kwa kuwa zinaingia vizuri, bila kujua kwamba wameweka mkonga wa mwanga mahali palipokusudiwa pazia. Rolls-Royce Silver Cloud, kwa upande wake, iliziunganisha taa zake za ukungu na indiketa, na hivyo taa inayopepesa kwenye kona ya gari hilo si kosa la fundi.

Waya na swichi

Waya hueleza nia ya aliyefunga taa. Taa ya masafa inapaswa kufungwa kwenye waya wa fulu, ili dereva anapopiga dimu kwa ajili ya gari linalokuja, yenyewe izimike. Taa ya ukungu inapaswa kuwa na swichi yake, ikifanya kazi pamoja na taa ndogo au dimu. Kwa utaratibu wa rangi uliotumiwa na Lucas, waya wa fulu ni wa buluu wenye mstari mweupe, wa dimu ni wa buluu wenye mstari mwekundu, na waya unaotoka kwenye swichi ya ukungu kwenda kwenye taa ni mwekundu wenye mstari wa njano. Fundi anayekuta nyekundu na njano nyuma ya bampa, hata bila taa yoyote mwisho wake, anajua gari hilo liliwahi kuwa na nini.

Umeme wenyewe ulikuwa na mpaka. Dainamo ya Lucas ya aina ya C39, iliyofungwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1950, ilitoa ampea 19 kwa juhudi zake zote. Katika gari la volti 12, taa kubwa mbili za wati 60 hula ampea 10, na taa mbili za masafa za wati 48 huongeza ampea 8, na hapo hakijabaki kitu cha kutosha kwa taa za nyuma, waipa na mfumo wa kuwashia injini. Taa za ukungu zilikuwa na shida ya namna yake, kwa kuwa hutumika gari linapotambaa na injini inapozunguka polepole, wakati ambao dainamo hutoa umeme kidogo sana, na hivyo huishi kwa kunyonya betri. Ndiyo sababu taa nyingi za asili zilikuwa na balbu ndogo kuliko zinavyotarajiwa leo.

Gharama ya kuchanganya kazi za taa hizi haikuonekana popote kwa uchungu zaidi kuliko katika Mbio za Monte Carlo za Januari 1966. Magari matatu ya Mini yaliyoendeshwa na Timo Mäkinen, Rauno Aaltonen na Paddy Hopkirk yalimaliza ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha yote yakafutwa pamoja na Ford ya Roger Clark iliyokuwa ya nne. Taa zao kubwa zilikuwa na balbu za halojeni zenye uzi mmoja. Balbu ya uzi mmoja haiwezi kupiga dimu, kwa hiyo madereva walizima taa kubwa na kuwasha taa za ukungu walipopishana na wengine, na waandalizi wakasema mpangilio huo haukubaliani na kanuni. Ushindi ukapewa Pauli Toivonen aliyekuwa katika Citroën, na ubishi haujaisha hadi leo miongoni mwa wapenzi wa mbio. Kwa msomaji wa sura hii, ubishi huo una somo la ufundi: taa ya ukungu yenye mkato mzuri inaweza kufanya kazi ya dimu kwa muda, lakini taa ya masafa haiwezi kamwe.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu zake za kuzipenda taa za masafa. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikimbizwa usiku na mchana katika barabara za udongo ambako ng'ombe au pundamilia angeweza kusimama katikati ya njia. Katika vumbi la gari lililotangulia, hata hivyo, mwanga wa masafa hurudi machoni kama ndani ya ukungu, kwani chembe za vumbi nazo hutawanya mwanga, na taa pana ya chini hufaa zaidi.

Hukumu ya ukuta

Dalili zote zilizotajwa zikipingana, ukuta huamua. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 7 au 8 kutoka kwenye ukuta mweupe, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, jua likiwa limekwisha kuzama. Urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini upimwe, na mstari wa chaki uchorwe ukutani kwa urefu huohuo. Kisha taa moja iwashwe, nyingine ikiwa imefunikwa kwa gunia au blanketi.

Taa ya masafa huonyesha doa moja kali, la duara au la umbo la yai, likiwa juu ya mstari wa chaki au karibu nao, na kulizunguka huwa na wingu hafifu linalofifia bila mpaka. Taa ya ukungu huonyesha mkanda uliolala kama mkeka uliotandazwa, mpana kuliko gari, wenye ukingo wa juu ulionyooka na kusimama chini kidogo ya chaki. Mtu akipitisha kiganja chake ukutani kutoka juu kwenda chini, kiganja hutoka gizani na kuingia kwenye mwanga katika upana wa kidole kimoja au viwili.

Mara nyingine ukuta huonyesha kitu kisichofanana na hivyo viwili. Mkanda wenye ukingo uliofifia huwa na maana kwamba kikombe cha balbu hakipo au balbu si ya aina iliyokusudiwa, kwa hiyo uzi wake haukai mahali pake. Mkanda uliosimama wima kama nguzo ya mlango huwafanya wengi wanunue taa nyingine, ingawa taa hiyo ni nzima: kioo kimefungwa kwa ubavu na mifuo imelala. Vioo vingi vya zamani vina neno dogo la Kiingereza lenye maana ya "juu" kwenye ukingo wake, ambalo huwa limefichwa na pete ya kromu. Skrubu ya pete ilegezwe, kioo kizungushwe robo duara mpaka neno hilo liwe juu na mifuo isimame, pete ikazwe taratibu kwa kuwa kioo cha zamani hupasuka upesi, na ukuta utazamwe tena.